Miguu ya Alphonsamma

Kimalayalam kina neno moja ambalo hata mtu asiyewahi kukaribia India analishika upesi: amma. Ni mama. Ukiliambatisha mwishoni mwa jina la mwanamke, jina hilo linapata heshima papo hapo, hata kama mwenyewe hana mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtawa mmoja wa Kerala, lile jimbo jembamba la kusini magharibi mwa India. Kwenye karatasi za Kanisa yeye ni Mtakatifu Alphonsa. Watu wa kwao wanamwita Alphonsamma, Mama Alphonsa.

Hakuzaa. Alifariki tarehe 28 Julai 1946 katika nyumba ya watawa ya Bharananganam, akiwa na miaka 35, baada ya kuugua miaka mingi. Na mlango uliompeleka utawani ulikuwa kukataa kuolewa. Yaani msichana aliyekimbia umama ndiye leo anaitwa mama na watu ambao hata hawajui idadi yao.

Mimi nilikutana naye kwa njia ya kazi, si ya sala. Huwa naandika kwa malipo: maelezo ya bidhaa, wasifu wa kampuni, hotuba za harusi, chochote kitakacholipa. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kodi ya keja yangu hulipwa na maneno ninayoandikia watu wengine. Mwaka jana mteja mmoja wa mambo ya utalii alitaka makala kuhusu sehemu za hija kusini mwa India, maneno mia nane kila moja, pesa baada ya kukabidhi. Bharananganam ilikuwa ya nne kwenye orodha. Zile nyingine nilimaliza nikasahau. Hii ilikataa kuniacha, na sababu ni miguu.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hiyo sehemu. Alphonsa alizaliwa tarehe 19 Agosti 1910 Kudamaloor, karibu na mji wa Kottayam. Hapo si kijijini kwa maana ya mahali ambapo habari hazifiki. Wamisheni wa Kiingereza waliweka mtambo wa kuchapa vitabu Kottayam mwaka 1821. Miaka 25 baadaye padri wa huko huko, Kuriakose Elias Chavara, alianzisha mtambo wake Mannanam, na kutoka Mannanam mwaka 1887 likatoka gazeti la Deepika. Mwaka mmoja baadaye Malayala Manorama likasajiliwa Kottayam. Mwaka 1989 Kottayam ulitangazwa kuwa mji wa kwanza India ambao wakazi wake wote wanajua kusoma na kuandika. Kwa Kimalayalam, shule kwa lugha ya zamani ni pallikkoodam, na palli ni kanisa. Neno la shule limebeba kanisa mgongoni.

Kwa hivyo imani ilipotaka kusema, ilikuta wino tayari. Na akili ilipotaka kubisha, ilikuta wino uleule.

Kimalayalam sikijui. Nilisoma tafsiri za Kiingereza, na pale zilipokosekana niliipa simu ukurasa inifasirie, kisha nikapanga maneno yaliyotoka yakiwa yamevunjika. Hata hivyo baada ya wiki mbili nilikuwa naona mafungu mawili waziwazi.

Fungu la kwanza ni vitabu vya waumini: maisha ya Alphonsamma, novena, shuhuda za waliopona. Vina mwendo mmoja. Mtoto anazaliwa, mama mzazi anafariki mapema, shangazi mkali anamlea, mtoto anampenda Yesu, anateseka, anatabasamu, anakufa, kaburi linaanza kufanya kazi. Mateso yake yameandikwa kwa mapenzi makubwa. Mwaka 1940 mwizi aliingia chumbani mwake usiku, na mshtuko ukamwondolea kumbukumbu na uwezo wa kusoma kwa muda. Vitabu vinasimulia hilo kama zawadi nyingine aliyopokea kwa shukrani.

Fungu la pili ni la watu wanaojiita yukthivadi. Yukthi ni akili, ile ya kuuliza sababu ya jambo. Mwaka 1929 lilianza jarida lenye jina hilo hilo, Yukthivadi, na mmoja wa walioliasisi ni Sahodaran Ayyappan, yule ambaye mwaka 1917 huko Cherai aliwakalisha watu wa tabaka tofauti wale chakula pamoja, kitendo ambacho wakati huo kilikuwa kama kutupa bomu. Baadaye jarida likashikwa kwa miaka mingi na M. C. Joseph. Halafu kuna Joseph Edamaruku, aliyezaliwa 1934, ambaye akiwa bado kijana aliandika kitabu akidai Kristo alikuwa mwanadamu tu, na kanisa la kwao likamtenga. Aliendelea kuandika hadi kifo chake mwaka 2006, na kitabu cha maisha yake kilipata tuzo ya Kerala Sahitya Akademi. Yuko pia Abraham Kovoor, mzaliwa wa Tiruvalla aliyehamia Sri Lanka, ambaye mwaka 1963 alitangaza kwamba atampa rupia 100,000 mtu yeyote atakayeonyesha uwezo wa kimiujiza bila hila. Alikufa 1978 na pesa zake bado mfukoni.

Angalia hayo majina tena. Joseph. Joseph. Abraham. Baba yake Kovoor alikuwa kasisi. Wapinga miujiza wakali wa Kimalayalam wengi walitoka nyumba zilezile zilizotoa watawa na mapadri. Walijua nyimbo zote. Walikuwa wakibishana na mama zao.

Na kubishana huko kuna bei. Mwaka 2012 mtoto wa Edamaruku, Sanal, alifika kwenye kanisa moja la Mumbai lililopewa jina la Bikira Maria wa Velankanni, ambako msalaba ulikuwa unadondosha maji na watu wanayakinga. Akaeleza kwamba maji yalikuwa yakipanda ukutani kutoka kwenye mfereji wa maji taka ulioziba. Alishtakiwa kwa kuumiza hisia za dini, akahamia Finland. Kwa hivyo nisijifanye mtu wa mbali ninayewacheka wote wawili. Hawa watu walikuwa na ujasiri ambao mimi, nikiwa na simu yangu na kikombe changu cha chai, sijawahi kuhitaji.

Sasa miguu.

Ili Kanisa Katoliki limtangaze mtu kuwa mtakatifu, kwa kawaida linataka muujiza mmoja kwa daraja la mwenye heri na mwingine kwa daraja la utakatifu. Watu wengi hufikiri hapo akili inawekwa nje kama viatu mlangoni. Sivyo. Kanisa huita madaktari. Wanapewa faili, picha, tarehe, wanaulizwa: je, sayansi ina maelezo? Wakisema ndiyo, kesi imekufa. Muujiza unahitaji akili ifanye kazi mpaka ichoke, ndipo imani iingie. Alphonsamma alitangazwa mwenye heri tarehe 8 Februari 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili akiwa Kottayam mwenyewe, na mtakatifu tarehe 12 Oktoba 2008. Ni mwanamke wa kwanza wa India kufika hapo. Serikali ya India, ambayo haina dini rasmi, ilitoa hata sarafu ya rupia 5 yenye sura yake.

Kesi zote mbili zilizopelekwa Roma zilihusu kitu kimoja: mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda. Si ugonjwa wa damu, si saratani. Miguu. Ile ya pili ilikuwa ya mtoto mchanga ambaye wazazi walimpeleka kwenye kaburi lake mwaka 1999. Shuhuda nyingine nyingi pia ni za miguu, na waumini wanajua kwa nini. Alphonsamma mwenyewe alikuwa na miguu iliyoharibika, kwa hivyo, wanasema, anaelewa.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Wiki tatu kabla, dadangu alikuwa amejifungua msichana ambaye nyayo zake zilikuwa zikitazamana.

Wacha nieleze vizuri, kwa sababu wengi hawajawahi kuona. Mguu unapinda kuingia ndani na kwenda chini, kisigino kimepanda, kama mtoto amekunja ngumi lakini kwa miguu. Hutokea kwa karibu mtoto mmoja katika kila elfu moja. Haumwumi. Anayeumia ni kila mtu mwingine ndani ya chumba. Mama mkwe wa dadangu aliuliza alikula nini akiwa mja mzito. Jirani akauliza kama kwao kuna mtu aliwahi kulaaniwa. Dadangu alimfunga mtoto blanketi hadi kiunoni hata kukiwa na jua kali, na mgeni akija kuona mtoto anaonyeshwa uso tu.

Tiba ipo, na ni ya kushangaza kwa sababu ni rahisi. Daktari anayeitwa Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliibuni miaka ya mwisho ya 1940. Kila wiki mguu unasukumwa polepole kwa mkono kuelekea mahali pake, unafungwa plasta. Wiki inayofuata plasta inatolewa, unasukumwa tena kidogo, unafungwa tena. Mara tano, sita, saba, nane. Halafu mara nyingi kano ya kisigino inakatwa ili kisigino kishuke, plasta ya mwisho inakaa wiki tatu. Baada ya hapo mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afike miaka minne au mitano. Ukiacha viatu, miguu inarudi ilikokuwa.

Kuna kitu ndani ya historia ya hiyo tiba ambacho yukthivadi yeyote angepaswa kukitafakari. Kwa karibu nusu karne madaktari wengi wa mifupa hawakuitilia maanani. Walipendelea kupasua. Ushahidi ulikuwa umechapishwa, lakini haukuwatosha. Kilichobadili mambo, kwa kiasi kikubwa, ni wazazi miaka ya 1990 walioanza kupatana kwenye intaneti, kuonyeshana picha za miguu ya watoto wao, na kukataa visu. Hata sayansi ilihitaji mashuhuda.

Basi nyumbani kwetu vita vikaanza, na mimi nilidhani najua pande zake. Upande mmoja mimi na karatasi zangu. Upande wa pili mathe na rozari yake. Mathe ni mtu wa Mukurweini, Nyeri, karibu na Gikondi alikofariki Sista Irene Stefani, yule Mwitaliano ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alipotangazwa mwenye heri Nyeri mwezi Mei 2015, mathe alikuwa kwenye umati, akarudi na kadi ndogo yenye picha yake, na hiyo kadi iko ndani ya Biblia yake hadi leo. Kwa hivyo nilipomsimulia habari za Alphonsamma hakushangaa hata kidogo. Alisema tu, "Kumbe na wao wako na wao."

Siku hiyo nilimwambia kwamba kuna aina ya miguu iliyopinda ambayo hunyooka yenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni tu, na kwamba mtu mwenye kutumia akili lazima aulize kama baadhi ya watoto waliopelekwa makaburini walikuwa wa aina hiyo. Nilikuwa naongea kama Kovoor na rupia zake. Mathe alinisikiliza akichambua mboga. Kisha akasema, "Wewe na hizo vitabu zako. Mimi nimesema tuache hospitali? Nimesema tuombe."

Wiki ya nne ya plasta, mama mmoja wa kikundi cha maombi cha dadangu alikuja nyumbani. Si Mkatoliki, wala si mtu mbaya. Alimshika mtoto, akaomba kwa sauti, machozi yakamtoka, akamwambia dadangu kwamba ameonyeshwa mtoto ameshapona. Plasta iliyobaki ni kutomwamini Mungu. Atoe.

Dadangu hakuwa amelala kwa mwezi mzima. Kila Jumanne alikuwa akiamka saa kumi usiku, anapanda matatu mbili, anangoja kwenye foleni, mtoto analia wakati mguu unasukumwa, halafu anarudi nyumbani na mtoto mzito kama jiwe. Niliona jinsi alivyomtazama yule mama. Alitaka kuamini. Mimi nilifungua mdomo kuanza hotuba yangu ya Ponseti, na ninajua vizuri kwamba isingesaidia, kwa sababu mtu aliyechoka hivyo hasikii mtu mwenye takwimu.

Aliyeongea ni mathe. Aliingia chumbani kwake, akatoka na ile kadi, akaiweka mezani. "Huyu hapa," akasema, "wakati wa vita alikuwa anafunga watu bandeji. Karia-koo. Voi, Kilwa, Lindi. Hakuwaambia wainuke waende. Aliwaosha vidonda. Mtoto atakaa na plasta mpaka daktari aseme." Kisha akamgeukia mgeni kwa adabu zote, "Asante kwa maombi, mama. Karibu chai."

Plasta ilikaa. Na Jumanne iliyofuata mathe ndiye aliyebeba mtoto.

Sikuokoka siku hiyo, usiniulize. Lakini nilirudi kwenye yale mafungu mawili ya Kerala nikiwa na swali tofauti. Nilikuwa nimeyasoma kama mechi: imani moja, akili moja, tungoje dakika za nyongeza. Sasa nikataka kujua ni kitu gani pande zote mbili zimekiruka. Na kilikuwa palepale, mwanzoni mwa kila kitabu, kwenye ukurasa ambao kila mtu anaupita haraka ili afike kwenye miujiza.

Miguu ya Alphonsamma iliharibikaje?

Mwaka 1923 alikuwa na miaka 13, anaitwa Anna. Mama yake alishafariki, anaishi na shangazi yake Muttuchira. Shangazi alitaka kumwoza kwenye familia nzuri, na wachumba walikuwa wakija. Anna hakutaka. Kulikuwa na shimo ambamo makapi ya mpunga yalichomwa baada ya mavuno, juu majivu, chini moto. Akaingiza mguu. Kwa masimulizi yanayotokana na yeye mwenyewe, alikuwa amewaza usiku kucha na wazo lililomjia lilikuwa hili: mwili ukiwa na kasoro kidogo, hakuna atakayemtaka. Alikusudia kuungua kidogo tu. Akateleza. Miguu ikaungua vibaya, na hakutembea tena kama zamani.

Soma hilo wazo polepole. Wanachotaka ni mwili usio na dosari. Nikiupa dosari, hawatautaka. Wasipoutaka, niko huru. Hiyo ni hoja. Ina msingi, ina hatua, ina hitimisho. Hiyo ni yukthi safi kabisa, ya mtoto wa miaka 13 asiye na pesa, asiye na mama, asiye na ardhi, anayepiga hesabu ya kitu kimoja tu alichonacho, mwili wake, na kuona ni kiasi gani cha mwili huo atatoa ili abaki na kilichosalia.

Vitabu vya waumini vinaita tendo hilo upendo kwa Kristo. Sina sababu ya kukataa kwamba alimpenda Kristo. Lakini vikishasema hivyo vinaendelea na safari, na shimo linageuka kuwa kituo cha kwanza cha utakatifu, kana kwamba moto ulikuwa wa mishumaa. Upande wa pili, hoja niliyokutana nayo mara kwa mara ni kama kaburi linaweza kunyoosha mguu wa mtoto. Ni swali la haki. Lakini mtu anaweza kulishinda kabisa na bado asiwe amesema lolote kuhusu lile shimo. Wote wanaangalia miguu iliyonyooka. Iliyoungua inakuwa utangulizi.

Na hakuwa na mlango mwingine, hapo siongezi chumvi. Mwaka 1916, akiwa na miaka sita, himaya ya Travancore alikozaliwa ilipitisha sheria ya urithi wa Wakristo. Baba akifa bila wosia, binti anapata robo ya fungu la mwana wa kiume, au rupia 5,000, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na kama alishapewa au kuahidiwa mahari ya kwenda nayo kwa mume, ile wanayoiita stridhanam, hiyo robo nayo imeyeyuka. Kwa hivyo msichana alikuwa na njia mbili za kuheshimika: nyumba ya mume, au nyumba ya watawa. Kusema "sitaki tu" haikuwa njia. Lilikuwa neno lisilo na mahali pa kukaa. "Nataka kuwa wa Kristo" lilikuwa na mahali. Alitumia lugha ambayo wakubwa wake wangelazimika kuiheshimu, na hata hiyo haikutosha mpaka alipoitia sahihi kwa moto.

Sheria hiyo ilidumu. Mwanamke aliyeivunja aliitwa Mary Roy, Mkristo wa Kisiria kama Alphonsa, mwalimu wa Kottayam, aliyeachana na mume akarudi na watoto wawili na kuambiwa hana haki kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Alienda hadi Mahakama ya Juu ya India. Hukumu ilitoka tarehe 24 Februari 1986: mabinti wa Kikristo wa Travancore warithi sawa na ndugu zao wa kiume.

Rudi kwenye tarehe. Papa alisimama Kottayam tarehe 8 Februari 1986 kumtangaza Alphonsa mwenye heri. Siku 16 baadaye, Delhi, majaji wakaiondoa sheria iliyokuwa imemzunguka akiwa msichana. Wanawake wawili wa mji mmoja, mwezi mmoja. Mmoja alipanda madhabahuni kwa sababu ya jinsi alivyovumilia. Mwingine alichukiwa na wengi wa kwao kwa sababu alikataa kuvumilia. Mary Roy alikuwa ameanzisha shule Kottayam, na siku hizi inaitwa Pallikoodam, lile neno lenye kanisa mgongoni. Mwaka 2025 binti yake, Arundhati Roy, alitoa kitabu kumhusu ambacho jina lake linamchezea Bikira Maria, na mama anayetokea humo si wa kuwekwa kwenye kadi ya maombi. Anapiga kelele, anaumiza, anajenga.

Mimi sioni kama hao wawili ni wapinzani. Naona swali moja lililojibiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mguu, mara ya pili kwa faili la kesi. Tofauti ni miaka 63 na elimu.

Nilipokabidhi makala yangu ya maneno mia nane niliweka sentensi tatu kuhusu shimo la makapi na sheria ya 1916. Mteja alizitoa. Aliandika kwamba msafiri anataka amani, si huzuni, na akaongeza saa za kufunguliwa kwa kanisa. Alilipa kwa wakati, kwa hivyo sina neno. Lakini nilifikiria ni mikono mingapi kabla yake, mitakatifu na isiyo mitakatifu, ilishatoa sentensi hizo hizo.

Mtoto wa dadangu sasa anavaa viatu vyake vya chuma usiku tu. Mathe ndiye humfunga, kwa sababu dadangu amerudi kazini na hufika nyumbani akiwa hoi. Kuna namna ya kufanya: unashika kisigino, unahakikisha kimegusa chini kabisa ya kiatu, unafunga mshipi wa katikati kwanza. Mathe hufanya hivyo akisali Salamu Maria kwa Kikuyu, na nimegundua kwamba sala kumi zinatosha viatu vyote viwili. Hajawahi kuruka usiku hata mmoja. Kama kuna mtu anayetaka kunitenganishia hapo, aniambie imani inaishia kwenye mshipi gani na akili inaanzia wapi, aje ajaribu. Mimi nimeshindwa.

Miguu imenyooka. Atatembea, atakimbia, atacheza kati na wenzake. Lakini yeye ni msichana, na siku moja atafika miaka 13. Sheria ya Kenya inasema hakuna ndoa chini ya miaka 18, na sote tunajua kuna vijiji ambavyo sheria hiyo hufika kwa miguu, ikiwa imechelewa. Wakati huo sitaki awe na mtakatifu wa kumwelewa kwa sababu waliungua pamoja. Akisema hataki, nataka watu wazima waliopo chumbani wamwamini palepale, na mjadala uishe.